Sokoine: Mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyewanyima usingizi walanguzi

Ukitoka Daraja Mbili kwenda katikati ya Jiji la Arusha, ni vigumu kuikwepa Barabara ya Sokoine. Makonda wanalitaja jina hilo kutwa nzima. Lakini vijana wengi wanaopita hapo walikuwa hawajazaliwa wakati mwenye jina anafariki.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, kama kilomita 40 hivi kutoka Arusha mjini, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Enzi hizo watoto wa Kimaasai waliopelekwa shule walikuwa wa kuhesabu. Kazi ya mtoto wa kiume ilikuwa kuchunga. Yeye alisoma Monduli, kisha Umbwe mkoani Kilimanjaro, akamaliza sekondari mwaka 1958.

Alijiunga na TANU mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, akarudi nyumbani kuwa mtendaji wa halmashauri ya Wilaya ya Masai. Mwaka 1965, akiwa na miaka 27, Wamaasai walimtuma Bungeni.

Kutoka hapo alipanda ngazi haraka. Mwaka 1967 alikuwa naibu waziri, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi. Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri Mkuu akiwa na miaka 38 tu. Akiwa kwenye kiti hicho ndipo Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, na serikali ikalazimika kulisha na kusafirisha jeshi hadi Uganda. Vita iliisha kwa ushindi, ila hazina ilibaki tupu. Mwaka 1980 Sokoine aling'atuka kwa sababu za afya, akaenda masomoni Yugoslavia.

Aliporudi, hali ilikuwa mbaya. Sukari, sabuni, unga na nguo vilikuwa havionekani madukani, lakini ukijua mlango wa nyuma wa kugonga ulivipata kwa bei ya kuruka. Mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa tangu 1977, na magendo ya kwenda na kutoka Kenya yalipita porini, kwenye ardhi ileile alikochungia ng'ombe utotoni.

Februari 24, 1983 akawa tena Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Maghala na majumba yalipekuliwa nchi nzima. Watu walichimbia fedha ardhini, wengine walitupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Kwa mwananchi aliyezoea kupanga foleni tangu alfajiri na kurudi nyumbani mikono mitupu, ilikuwa kama ndoto: mara hii vigogo nao waliguswa.

Msako huo ulikuwa na upande wake mchungu. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliwapeleka watuhumiwa mbele ya mahakama maalumu, bila dhamana na bila wakili. Wenye maduka ya kawaida nao walisombwa. Mwaka huohuo ikaja Nguvukazi, iliyowakamata watu wasio na kazi mijini na kuwarudisha vijijini kulima. Wapo waliompenda Sokoine kwa ukali huo, na wapo walioumia nao.

Ila hakuwa mtu wa kufunga tu. Katika kipindi hichohicho serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, na hapo ndipo jina la daladala lilipozaliwa. Novemba 1983, mpaka wa Namanga nao ukafunguliwa baada ya makubaliano yaliyofikiwa hapahapa Arusha.

Aprili 12, 1984 Sokoine alitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge, akielekea Dar es Salaam kwa gari. Walipofika Dakawa, Morogoro, gari iliyoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini iliugonga msafara wake. Alifariki akiwa na miaka 45. Jioni Nyerere aliitangazia nchi msiba huo redioni, na sauti yake ilimsaliti. Serikali ilisema ni ajali. Mitaani wapo ambao hadi leo hawajakubali.

Mwili ulirudishwa Monduli Juu, akazikwa nyumbani kwake. Aliacha wajane wawili na watoto. Bintiye Namelok alifuata nyayo, akaingia Bungeni. Mwanawe Joseph alikuwa balozi. Mwaka huohuo wa 1984 chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro kikapewa jina lake, ndicho SUA ya leo. Aprili 2024, miaka 40 baada ya ajali, Rais Samia alikuwa Monduli kwenye ibada ya kumkumbuka.

Kipindi chake cha pili hakikufika hata miezi 14. Ni muda mfupi kuliko ujenzi wa madaraja mengi ya nchi hii. Lakini kila sukari inapoadimika au fedha ya umma inapoliwa, wazee bado hulitaja jina lake. Pengine si kwa sababu alimaliza kazi, bali kwa sababu walimwona anaianza kwa wakubwa.