Emin Pasha: aliyeanzisha Bukoba alikuwa anasaka ndege

Wadau, hapa Kashai ukiuliza Emin Pasha ni nani, wengi watakwambia ni yule Mjerumani aliyeanzisha mji wa Bukoba, basi. Ni kweli, Novemba 1890 alijenga boma hapa. Ila mimi naona boma lilikuwa kibarua tu, moyo wake ulikuwa kwa ndege.

Jina la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, mzaliwa wa 1840 huko Oppeln, mji ambao leo uko Poland. Alisomea udaktari, akafanya kazi kwa Waturuki, akaibukia Khartoum na kujiita Emin. Mwaka 1878 Gordon akampa ugavana wa jimbo la Ikweta, kusini kabisa mwa Sudan ya wakati ule. Gavana huyo alikuwa anaingia porini kusaka ndege ambao Ulaya ilikuwa haijawaona, anawachuna na kutuma ngozi makumbusho. Mwaka 1882 Hartlaub, mtaalamu wa Bremen, alimpa mbwigu mmoja jina la Kilatini la gubernator, yaani gavana. (Msimtafute Bukoba jamani, mtachoka bure! Huyo yuko kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini na kuelekea Afrika Magharibi.)

Baadaye vita vya Mahdi vikamfungia njia. Mwaka 1887 Stanley akaja kumwokoa, na hapo ndipo huwa nakasirika. Zaidi ya watu 600 walichukuliwa Unguja kwa safari hiyo, na waliorudi hawakufika nusu. Mwenyewe aliyekuwa anaokolewa hata hakuwa na haraka ya kuondoka!

Sasa sikia hii. Emin macho yalikuwa mabovu kweli, kitu mpaka akisogeze karibu na uso. Desemba 1889 walipofika Bagamoyo akafanyiwa karamu ghorofani, akapita dirishani akidhani ni mlango wa baraza. Akaanguka chini, fuvu likapasuka. Akapona, Wajerumani wakamwajiri, ndio akaja huku kwetu na Stuhlmann.

Angeweza kutulia hapa ziwani akala samaki wake. Wapi! Mwaka 1891 akaondoka kuelekea misitu ya Kongo. Ndui ikaingia kwenye msafara. Desemba akamwamuru Stuhlmann awarudishe wazima Bukoba, yeye akabaki na wagonjwa. Kwa hilo tu mimi namvulia kofia, hata kama bendera aliyokuja nayo siipendi.

Tarehe 23 Oktoba 1892, kijijini kwa Kinena, watu wa Kibonge, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, walimkuta barazani anaandika. Watu wake walikuwa wameenda mashambani kutafuta chakula. Wakamshika, wakamchinja. Alikuwa na miaka 52. Wauaji wawili walikamatwa baadaye, na kwa maelezo yao, mezani mbele yake kulikuwa na ndege na wadudu aliowakusanya msituni.

Kama kuna mdau aliyewahi kumwona yule mbwigu upande wa Uganda, atupie maoni hapo chini.