MAMA SUSANNA WESLEY: SAA MOJA KWA KILA MTOTO



Wamama wa kikundi cha Jumatano waliniletea swali zito. Walisema: Mchungaji, watoto wetu walitawanyika wakati wa kukimbia. Wengine walilelewa na jamaa, wengine na watu tusiowajua. Hapa kambini darasa moja lina watoto wengi mno, na sisi tunashinda shambani au kwenye foleni ya mgao. Je, mama anayeishi hivi anaweza kweli kulea na kufundisha watoto wake mwenyewe?

Sikutaka kujibu kwa maneno yangu tu. Nimeona heri niwasimulie maisha ya mama mmoja wa Uingereza, aliyelala katika Bwana mwaka 1742. Jina lake ni Susanna Wesley. Wengi wanamjua kwa sababu ya wanawe wawili, John na Charles. Leo tumwangalie yeye mwenyewe, nyumbani kwake, pamoja na watoto wake.

BINTI WA MCHUNGAJI ALIYEFUKUZWA

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mchungaji msomi. Mwaka 1662, kabla Susanna hajazaliwa, baba huyo alikuwa ameondolewa katika kanisa lake pamoja na wachungaji wengine karibu 2,000, kwa sababu hawakukubali sheria mpya ya serikali juu ya ibada. Basi Susanna alikulia katika nyumba iliyojua maana ya kupoteza mahali pako kwa ajili ya dhamiri.

Inasemekana alikuwa mtoto wa 25 wa baba yake. Wakati ule msichana hakuwa na nafasi ya kwenda chuo kikuu. Susanna alisoma nyumbani, katika vitabu vya baba yake. Kabla hajatimiza miaka 13 alikuwa amepima hoja za pande mbili, akaamua kurudi katika Kanisa la Uingereza, kanisa lile lile lililomwondoa baba yake. Mzee hakumfukuza wala hakuacha kumpenda. Alipokufa alimwachia Susanna maandishi yake. Mzazi anayemfundisha mtoto kufikiri ajiandae: siku moja mtoto atafikiri kweli.

NDOA, MADENI NA MAKABURI MADOGO

Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye akawa kasisi wa kijiji cha Epworth, katika jimbo la Lincolnshire. Alizaa watoto 19. Kati yao 9 walikufa wangali wachanga. Mmoja alikufa mwaka 1705, mlezi alipomlalia usiku katika usingizi. Mama aliyezika mtoto njiani asifikiri kwamba watu tunaosoma habari zao hawakujua machozi hayo.

Mume wake alikuwa mtu wa Mungu na mwandishi, lakini fedha hakuziweza. Mwaka 1705 alifungwa gerezani huko Lincoln kwa sababu ya deni. Susanna hakuwa na fedha ya kumtumia, akamtumia pete zake aziuze. Mume akazirudisha. Askofu Mkuu wa York alipomwuliza kama familia iliwahi kukosa mkate kabisa, alijibu kwamba mkate haukukosekana kabisa, ila taabu ya kuutafuta na kuulipia iliufanya uwe mchungu kinywani. Wapendwa, nani kati yetu haujui mkate huo?

Hata ndoa yao ilitikiswa. Mwaka 1702 mume aligundua kwamba mkewe haitiki Amina kwenye sala ya kumwombea Mfalme William, kwa kuwa hakuamini kwamba ni mfalme halali. Baba akaondoka nyumbani, akakaa mbali kwa miezi. Alirudi, na mwaka 1703 akazaliwa John. Nayaandika haya ili msidhani nyumba hiyo ilikuwa ya malaika.

SHULE YA NYUMBANI

Katika nyumba hiyo Susanna aliendesha shule kwa miaka mingi. Mtoto alianza masomo siku moja baada ya kutimiza miaka 5. Siku hiyo kila mtu wa nyumba alipewa kazi yake mapema, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba cha masomo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, wala kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Katika siku hiyo moja mtoto alijifunza herufi zote. Ni wawili tu, Molly na Nancy, waliohitaji siku moja na nusu. Kisha kitabu cha kwanza cha kusoma kilikuwa Biblia, sura ya kwanza ya Mwanzo, mstari kwa mstari.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1732, John alimwomba mama yake aandike namna alivyowalea, naye akamwandikia barua ndefu. Ndani yake zimo kanuni za nyumba yake. Mtoto aliyekosa akikiri mwenyewe na kuahidi kubadilika hapigwi. Kosa lililokwisha kuadhibiwa halitajwi tena. Mtoto akitii katika jambo asilolipenda, asifiwe. Akijaribu kufanya jema likamshinda, nia yake ipokelewe kwa upendo, kisha aonyeshwe namna bora. Ahadi hutimizwa, na cha mtu hakichukuliwi hata kama ni sindano.

Kanuni moja nawaomba wababa waisome mara mbili: hakuna binti aliyewekwa kwenye kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri. Hetty, mmoja wa mabinti hao, anasemekana kuwa alisoma Agano Jipya la Kigiriki akiwa na miaka 8. Sisi hapa msichana akifika miaka hiyo tunampa jerikani na mtoto wa kubeba mgongoni, halafu tunasema hana akili ya masomo.

Mama Susanna alikuwa mkali pia. Aliamini kwamba mapenzi ya mtoto yashindwe mapema, na hata watoto wadogo sana walifundishwa kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Kwa hilo simwigi, wala siwashauri mumwige. Watoto wetu wamekwisha kuogopa vya kutosha. Tuchukue uvumilivu wake. Husimuliwa kwamba mume wake alimshangaa akimwambia mtoto jambo moja mara ishirini. Alijibu kwamba kama angeishia mara ya kumi na tisa, kazi yote ingepotea bure.

USIKU WA MOTO

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao ilishika moto. Wengi walidhani ni watu wa kijiji waliomchukia kasisi. Susanna alikuwa mjamzito, siku zake zikikaribia. Hakuweza kupanda dirishani, akajaribu kupita mlangoni katikati ya ndimi za moto. Mara ya tatu akatoka, ameungua usoni na mikononi.

Watoto walipohesabiwa nje, John, mwenye miaka 5, hakuonekana. Baba alijaribu kupanda ngazi, zilikuwa zinawaka. Akapiga magoti akaikabidhi roho ya mtoto kwa Mungu. Ndipo mtoto akaonekana dirishani, amesimama juu ya sanduku. Mtu mmoja akasimama mabegani pa mwenzake, akamvuta nje. Mara paa likaanguka ndani. Vitabu, nguo na yale maandishi ya mzee Annesley vyote viliteketea.

Watoto wakatawanywa, wengine kwa ndugu London, wengine kwa watu wa karibu. Nyumba mpya ya matofali ilipomalizika, wakarudishwa. Na hapo, wapendwa, ndipo nataka tusimame.

Watoto waliorudi hawakuwa wale walioondoka. Katika nyumba za watu walikuwa wameachwa wazurure na kucheza na yeyote. Siku ya Bwana hawakuijali tena. Walikuja na nyimbo mbaya, maneno machafu na tabia isiyo na adabu. Kazi ya miaka mingi ilikuwa kama imeungua pamoja na nyumba.

Nilisoma habari hizi kwa mara ya kwanza chuo cha Biblia, nikazipita haraka nitafute habari za John. Nilizielewa baada ya kuvuka mpaka. Watoto wangu wawili walibaki nyuma karibu mwaka mzima, wakihamishwa nyumba hadi nyumba. Walipotufikia tulilia kwa furaha. Baada ya wiki moja nilianza kuona. Mmoja alidanganya huku ananitazama machoni. Mwingine tulipofumba macho kuomba, yeye alitoka nje. Nilifoka. Nilishika fimbo. Nilikuwa mchungaji wa watu wote wa bloku yetu, na nyumbani sikujua nianzie wapi.

ALIANZIA WAPI?

Mama Susanna alianza upya. Aliweka wimbo wa zaburi mwanzoni na mwishoni mwa masomo. Saa kumi na moja jioni mtoto mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kuliko wote anayeweza kusema, wa pili akamchukua anayefuata, hivyo hivyo hadi wote wakawa wawili wawili. Mkubwa alimsomea mdogo zaburi na sura ya Agano Jipya. Asubuhi walisoma zaburi na Agano la Kale.

Kisha akaongeza jambo jingine, ambalo tunalijua kwa barua aliyomwandikia mume wake mwaka 1712. Kila jioni alitenga muda wa kuzungumza na mtoto mmoja peke yake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emily na Sukey. Siku hiyo mtoto hakugombania sikio la mama. Alijua lake linakuja.

Matunda yake? John alipokuwa mtu mzima, mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba amkumbuke bado katika ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni. Baadaye aliongoza uamsho uliozaa makanisa ya Kimethodisti. Charles aliandika nyimbo za kiroho zaidi ya 6,000. Wote wawili walipelekwa shule za London walipofikia umri, kwa hiyo Mama Susanna hakuidharau shule. Shule ilijenga juu ya msingi aliokwisha kuuweka.

Majira ya baridi ya mwaka 1711 kwenda 1712, mume akiwa London, ibada yake ya nyumbani ya Jumapili jioni ilianza kuvuta majirani hadi wakafika kama 200. Kasisi msaidizi alilalamika. Mume akamwandikia aache. Akajibu kwa heshima kwamba kama anataka iachwe, asiombe tu, bali aamuru wazi, ili yeye asidaiwe roho hizo siku ya hukumu. Amri hiyo haikuja.

SI KILA MBEGU ILIZAA FURAHA

Nisiwadanganye. Hetty, yule wa Kigiriki, alitoroka na mwanaume, akapata mimba, na mwaka 1725 akaozwa haraka kwa mtu asiyemfaa. Baba yake hakumsamehe kwa urahisi. Dada zake wengine pia waliteseka katika ndoa. Mama yule yule, jioni zile zile. Mama mwenye mtoto aliyepotea asihukumiwe katika kanisa hili kana kwamba hakuomba.

Susanna alifiwa na mume mwaka 1735. Tangu hapo hakuwa na nyumba yake. Alikaa kwa mtoto huyu na yule, mwisho kwa John huko London. Alikufa Julai 1742. Alikuwa amewaomba watoto wake kwamba akishafunguliwa, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Waliokuwepo, John na mabinti watano, wakasimama kuzunguka kitanda wakaimba. Alizikwa Bunhill Fields.

SASA SISI

Wamama wapendwa, hamna chumba cha masomo. Wengi hamkupata nafasi ya kusoma. Lakini mtoto wako wa darasa la tano anaweza kumsomea wa chekechea zaburi moja jioni, na wewe ukasikiliza huku unachochea moto. Hiyo ndiyo shule ya saa kumi na moja.

Na kila mtoto mpe siku yake. Saa nzima ikishindikana, iwe njia ya kwenda bombani, mwende wawili tu. Usianze kwa kumwuliza alikosa nini. Mwulize aliona nini alipokuwa mbali nawe. Yule wangu aliyekuwa akitoka nje wakati wa sala, ilichukua Alhamisi nyingi kabla hajanijibu. Siku aliyojibu, nilielewa kwa nini hakuweza kufumba macho.

Wababa, kazi hii msiwaachie wamama peke yao. Someni Kumbukumbu la Torati 6, mwone agizo lilitolewa kwa nani.

Jumatano ijayo kila mzazi aje na majina ya watoto wake, pamoja na wale anaowalea wasio wake, na siku ya kila mmoja. Tutaziombea kwa majina.

Neema ya Bwana ikae nanyi.

Mchungaji wenu katika Kristo