Euler, kipofu aliyeishinda namba ya bilioni mbili

Bao linalochezwa vibarazani hapa Mikindani lina mashimo 32. Weka kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, uzidi kuongeza maradufu. Ukimaliza shimo la 31, jumla ya kete ulizoweka ni 2,147,483,647. Usijaribu, komwe za kutosha hutazipata.

Namba hiyo ilimshughulisha Leonhard Euler, mwanahisabati aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, na aliyefanya kazi muda mrefu St. Petersburg, Urusi. Alitaka kujua kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kete 12 hupangika safu tatu za nne nne. Kete 13 hazipangiki hivyo hata ufanyeje. Zitabaki safu moja ndefu.

Kukisia hakutoshi, na Euler alilijua hilo. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa hesabu wa karne iliyotangulia, aliamini kuwa 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Alipofika kwenye namba yetu ya bao alikuwa mzee na karibu kipofu kabisa. Jicho la kulia lilianza kuharibika akiwa kijana. La kushoto lilipata mtoto wa jicho, na upasuaji wa mwaka 1771 haukumwokoa. Alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakiandika.

Kwa njia ya kawaida ungejaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alithibitisha kwamba kigawo chake, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Zikabaki za kujaribu chini ya mia moja, na hakuna iliyoigawa. Huo ulikuwa mwaka 1772. Kwa zaidi ya miaka 75 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Alifariki St. Petersburg tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na miaka 76.

Namba yake bado inafanya kazi. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na haziwezi kuvuka 2,147,483,647. Zitaifikia tarehe 19 Januari 2038.