Harry Thuku: Mhudumu wa simu aliyechagua siasa

Harry Thuku, mzaliwa wa Kiambu mwaka 1895, alipanga herufi katika gazeti la walowezi, Leader, kabla ya kuwa mhudumu wa simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni, Nairobi.

Jumapili, Julai 10, 1921, aliongoza mkutano wa hadhara uliolalamikia kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Haikuwa saa ya kazi, lakini serikali haikujali. Alitakiwa achague: ajira au siasa. Akachagua siasa, akapoteza ajira.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye, polisi waliwamiminia risasi waliodai aachiliwe, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kushtakiwa, na hakurejea Kiambu hadi 1931.