Tolkien: mwandishi aliyejua kungoja katikati ya vita



Leo tunaangalia maisha ya mtu ambaye vijana wetu wengi wanamjua kwa filamu tu. Hawajui kwamba alizaliwa hapa Afrika, wala kwamba alikuwa mtu wa sala. Jina lake ni John Ronald Reuel Tolkien.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na baba yake, Arthur, alifanya kazi katika benki. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, mama yake Mabel alimpeleka Uingereza pamoja na mdogo wake Hilary. Baba alibaki kazini akitumaini kuwafuata. Hakuwafuata. Februari 1896 alikufa kwa homa, na mama akabaki mjane mwenye watoto wawili na pesa kidogo.

Mwaka 1900 Mabel aliingia Kanisa Katoliki. Jamaa walikasirika, na msaada waliokuwa wakimpa ukakatwa. Sisi Waprotestanti tuseme ukweli: wengi wa waliomfanyia hivyo walikuwa wa upande wetu. Mwaka 1904 alikufa kwa ugonjwa wa sukari, wakati dawa ya insulini haijapatikana bado. Tolkien alikuwa na miaka 12. Padri mmoja, Francis Morgan, akawatunza yatima hao. Mtoto huyo aliona kwamba mama yake alitoa uhai wake kwa ajili ya imani, na yeye aliishika imani hiyo hadi kufa.

Mwaka 1916 alimwoa Edith Bratt, na baada ya miezi michache akapelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Aliona maiti zikilala ndani ya matope na maji. Alipata homa inayoletwa na chawa, akarudishwa kwao, na pengine homa hiyo ndiyo iliyomwokoa. Walikuwa marafiki wanne wa shule waliopendana kama ndugu. Wawili wao waliuawa mwaka huo.

Baada ya vita akawa profesa wa Kiingereza cha kale, kwanza Leeds, halafu Oxford. Usiku mmoja wa Septemba 1931 alitembea na rafiki zake wawili wakizungumza juu ya Kristo hadi usiku wa manane. Mmoja wao alikuwa C.S. Lewis, ambaye siku chache baadaye alimpokea Kristo na kuwa mtetezi mkubwa wa imani.

Desemba 1937 Tolkien alianza hadithi ndefu juu ya pete yenye nguvu ya kutawala wote. Kila mtu anayetaka kuitumia, hata kwa kutenda mema, mwishowe anatawaliwa nayo. Kwa hiyo haifai kutumiwa, inapaswa kuharibiwa. Wanaoibeba si wafalme wala askari. Ni watu wafupi wa mashambani, Frodo na mtumishi wake Sam. Kazi hiyo ilikuwa kubwa hata wachapishaji wakaigawa katika vitabu vitatu. Cha pili, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Les Deux Tours, kilitoka tarehe 11 Novemba 1954.

Mimi nilikisoma kitabu hicho nikiwa mwanafunzi wa teolojia, na ndicho kinachonigusa zaidi. Hakina mwanzo wala mwisho. Kinapoanza, kundi la wasafiri limevunjika. Yumo Saruman, mzee mwenye hekima, aliyewekwa ili kupinga uovu. Aliutazama uovu muda mrefu, akatamani nguvu zake, akajiundia jeshi lake mwenyewe. Nasi kando ya Ziwa Kivu tumeona wangapi walioshika bunduki wakisema wanatulinda, kisha wakawa mzigo mwingine juu yetu? Frodo na Sam wao wanapita katika bwawa lenye nyuso za wafu chini ya maji. Tolkien mwenyewe alikiri kwamba sura hiyo ilitoka kwa sehemu katika nchi aliyoiona Somme. Kitabu kinaisha Frodo akiwa ametekwa, na Sam ameachwa nje ya mlango uliofungwa. Wasomaji wa kwanza walingoja hadi Oktoba 1955 kujua mwisho.

Sehemu hiyo ya Frodo na Sam aliiandika mwaka 1944, katika vita nyingine. Mwanawe Christopher alikuwa amepelekwa Afrika Kusini kufundishwa urubani wa kijeshi. Baba aliandika sura moja, ikapigwa mashine, akaituma kwa posta, kisha akaanza nyingine. Aliituma katika nchi ile ile ambayo baba yake mwenyewe alizikwa. Hakujua kama mwanawe atarudi. Hata hivyo aliandika.

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Minova, aliyekimbia nyumba yake zaidi ya mara moja, aliniuliza vita hii itaisha lini. Sikuwa na jibu. Lakini nimemwona: kila anaporudi, anapanda maharagi. Anapanda bila kujua kama yeye ndiye atakayevuna. Wanafunzi wa Yesu nao walikaa siku nzima ya Sabato, kaburi limefungwa, bila kujua asubuhi ya Jumapili italeta nini.

Christopher alirudi salama, na baadaye akatumia miaka mingi kuchapisha maandiko ya baba yake. Tolkien alikufa tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81, akazikwa Oxford pamoja na Edith.

Ndugu na dada, vijana wetu wanaitwa kila siku wachukue silaha ya adui ili wamshinde adui. Tuwafundishe kwamba pete hiyo haina bwana mwema. Na sisi tulio katikati ya njia, tusiache kupanda, kufundisha watoto na kuomba. Mwisho uko mikononi mwa Mungu. Kazi ya leo iko mikononi mwetu.

Bwana awatie nguvu. Amina.