Edgerton: Fundi wa umeme aliyeusimamisha mpira hewani

Na Mwandishi Wetu, Rubona

MPIGA picha anayeingia ukumbini usiku kupiga picha za mpira wa kikapu au wavu hukutana na tatizo lile lile. Taa ni hafifu, mchezaji anaruka, na picha inatoka na ukungu. Mteja akiiona haijui sura yake mwenyewe, na pesa hatoi.

Aliyefungua njia ya kulimaliza tatizo hilo ni Mmarekani Harold Edgerton, ambaye hakuwa mpiga picha kwa kazi, bali mhandisi wa umeme.

Edgerton alizaliwa Aprili 6, 1903, Fremont, katika jimbo la Nebraska, na kukulia katika mji mdogo wa Aurora. Amu yake ndiye aliyemfundisha kupiga na kusafisha picha. Alipokuwa kijana alifanya kazi wakati wa likizo katika kampuni ya umeme ya huko kwao, na mwaka 1925 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Nebraska.

Mwaka 1926 alijiunga na chuo cha MIT, karibu na Boston, kuchunguza mota kubwa za umeme. Hapo ndipo alipogundua kwamba mwanga unaowaka na kuzimika sawasawa na mzunguko wa mota huifanya ionekane kama imesimama. Mwaka 1931 alipata shahada ya udaktari, na akaanza kuelekeza mwanga huo kwenye vitu vingine vinavyokwenda kasi.

Kabla yake, kupiga picha gizani kulikuwa kazi ya hatari. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania kwa kulipua unga wa magnesiamu. Unga huo ulitoa moshi mzito na uliweza kumuunguza mpigaji. Baadaye zikaja globu za flashi, lakini kila moja iliwaka mara moja tu na kutupwa.

Edgerton, pamoja na wenzake Kenneth Germeshausen na Herbert Grier, walitumia njia nyingine. Umeme ulijazwa polepole kwenye kapasita, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe, kisha ukamwagwa wote kwa mara moja ndani ya bomba la kioo lenye gesi. Bomba likawaka kwa muda mfupi mno kuliko kupepesa jicho, na likawa tayari kuwaka tena. Flashi karibu zote za leo zinafuata mpango huo.

Picha zake za tone la maziwa linaloruka kama taji, mchezaji anayepiga mpira kwa mguu na risasi inayopita ndani ya tofaa zilienea duniani. Mpiga picha Gjon Mili wa jarida la Life alitumia taa hizo kwa wanamichezo na wacheza ngoma. Filamu fupi juu ya kazi ya Edgerton, ya mwaka 1940, ilipata tuzo ya Oscar.

Sifa yake haikukosa upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa zake kubwa ziliwekwa kwenye ndege ili kupiga picha za adui usiku. Kampuni aliyoanzisha na wenzake mwaka 1947 ilifanya kazi katika majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani. Miaka ya 1950 alishirikiana na Mfaransa Jacques Cousteau kupiga picha chini ya bahari, na mabaharia wake wakambandika jina la Papa Flash. Alifariki Januari 4, 1990, akiwa na umri wa miaka 86.

Faida kwa wapiga picha wetu

Wavuvi wa sambaza hapa Rubona wanajua kuwa taa haifai ikiwa mbali na samaki. Flashi nayo ni hivyo hivyo: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mchezaji unabaki robo.

Kwa hiyo flashi mbili za zamani, zikifungwa juu katika pembe mbili za ukumbi na kuelekezwa kwenye dari nyeupe, zaweza kufanya kazi kuliko flashi moja ya bei kubwa iliyo juu ya kamera. Zikipunguzwa nguvu, mwako wake huwa mfupi zaidi na mpira hauachi mkia. Kifaa kidogo chenye jicho la kuhisi mwanga huziwasha zote pamoja. Ni lazima kumwomba mwamuzi ruhusa kwanza, na mwanga usielekezwe machoni mwa wachezaji.

Wafanyabiashara wanaovuka kati ya Goma na Gisenyi na flashi zilizotumika wawe waangalifu. Fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu. Weka betri zako mpya, uiwashe mara kumi, na uhesabu sekunde inazochukua kujaa. Flashi inayochelewa sana au kuruka mwako mmoja ni hasara.

Pia, baadhi ya flashi za zamani hupeleka umeme mkali kwenye kamera na zaweza kuunguza kamera ya dijitali. Flashi ya namna hiyo isipachikwe juu ya kamera. Iwekwe mbali, kwenye stendi, na iwashwe kwa kifaa cha jicho.

La mwisho ni uhai wenyewe. Kapasita huweza kubaki na volti 300 hata flashi ikiwa imezimwa na betri zimetolewa. Asiyejifunza ufundi wa umeme asiifungue kwa bisibisi, ampelekee fundi.