Chang Shuhong: Mchoraji aliyeiacha Paris akaenda kulinda mapango jangwani

Mwaka 1935, Chang Shuhong alikuwa akipita kando ya mto Seine jijini Paris, pale wanapouza vitabu vya mitumba. Akakutana na vitabu vya picha vilivyomsimamisha pale pale.

Wakati huo maisha yalikuwa yanamnyookea. Mzaliwa huyu wa Hangzhou, China, mwaka 1904, alifika Ufaransa mwaka 1927, akasomea uchoraji Lyon na baadaye Paris, na kazi zake zilikuwa zinapata medali.

Picha zile zilipigwa mwaka 1908 na msafara wa Mfaransa Paul Pelliot, kwenye mapango ya Mogao karibu na mji wa Dunhuang, kaskazini magharibi mwa China. Chang alishtuka. Amevuka bahari kuja kujifunza sanaa kwa Wazungu, kumbe kwao kuna kuta zilizochorwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hazijui!

Mapango hayo yalianza kuchongwa mwaka 366, kwenye njia ya misafara ya wafanyabiashara wa hariri. Mapango 492 yana michoro na sanamu za Kibudha. Ukikusanya michoro yote unapata kama mita za mraba 45,000, yaani viwanja sita vya mpira.

Mingi inasimulia maisha ya Buddha, hata yale aliyoishi kabla ya kuzaliwa kama Buddha. Katika pango namba 254 kuna mwana wa mfalme aliyemkuta simbamarara jike na watoto wake, wanakufa njaa. Akajichoma shingo, akajirusha kutoka mlimani ili wale wapate chakula. Mchoraji ameiweka hadithi nzima kwenye ukuta mmoja: mwana wa mfalme yuleyule unamwona amesimama, anaanguka, analiwa, kisha mnara wa kumbukumbu juu ya mifupa yake.

Chang alirudi China mwaka 1936. Mwaka uliofuata vita na Japani vikapamba moto, kwa hiyo Dunhuang alifika mwaka 1943 tu. Hali ilikuwa mbaya. Mchanga umeziba mapango, moshi wa wanajeshi wa Urusi waliowekwa humo miaka ya 1920 umezipaka kuta masizi, na vipande kadhaa vya michoro vilishabanduliwa kwa gundi na Mmarekani Langdon Warner mwaka 1924, vikapelekwa kwao.

Mwaka 1944 taasisi ya kuyatunza mapango ilianzishwa rasmi, Chang akiwa mkurugenzi. Yeye na wenzake wachache wakaondoa mchanga, wakapanda miti, wakajenga ukuta wa udongo wa karibu kilomita 2. Umeme hakuna, maji yana chumvi, mji uko kilomita 25. Na kila siku walikaa ndani ya mapango wakinakili michoro ile mstari kwa mstari.

Mkewe, mchongaji sanamu aliyesoma naye Ufaransa, hakuyaweza maisha hayo, na ni vigumu kumlaumu. Mwaka 1945 aliondoka, akaacha watoto wawili. Chang alimfuata kwa farasi jangwani hadi akaanguka na kuzimia, akaokolewa na watafiti wa mafuta. Mkewe hakurudi. Binti yao Shana, miaka 14, ndiye akawa anamlea mdogo wake huku akijifunza kunakili michoro.

Haikutosha. Mwaka huohuo serikali ikaivunja taasisi. Watu wakatawanyika. Chang akaenda Chongqing kupiga hodi ofisi moja baada ya nyingine, na mwaka 1946 akarudi Dunhuang na kibali, pesa na wachoraji wapya. Mmoja wao, Li Chengxian, alifunga naye ndoa mwaka 1947.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, mlinzi huyo wa mapango aliitwa adui. Alipigwa na kudhalilishwa hadharani, mgongo ukaumia vibaya. Baadaye alisafishwa jina, na mwaka 1982 akahamia Beijing.

Mapango ya Mogao yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Chang alifariki Beijing mwaka 1994 akiwa na miaka 90. Sehemu ya majivu yake ilirudishwa Mogao, ikazikwa jangwani, ng'ambo ya bonde, kaburi likitazama mapango.